Chatu Aliyekaa Juu ya Sheria

"Masikio?"

"Yapo."

"Midomo?"

"Imefungwa."

"Ikifunguka?"

"Aingie nzi."

Haya, sogeeni. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, siri haipendi upepo. Kwanza tuapishane. Shikeni sikio la kushoto, mseme nyuma yangu: nitakayoyasikia hapa yataishia hapa, na nikiyatoa nje, ugali wangu uwe na madonge mwaka mzima. Mmeapa? Vizuri.

Na mimi niliapishwa hivyohivyo na aliyenihadithia. Nikashika sikio, nikaapa, nikatoka kwake. Bombani nikamkuta Mama Tunu anasubiri ndoo ijae, na maji yalikuwa yanatoka kwa kudondoka, sasa tungekaa tunatazamana tu? Nikamwambia kidogo. Mwanzo tu. Kwa Bi Zamda muuza maandazi nikamwambia katikati, maana alinipa andazi moja la bure na mimi si mtu wa kula vya watu bure. Mwisho sikumwambia mtu, nilikuwa nimeshafika nyumbani. Kwa hiyo siri ingali siri, ila imekatika vipande, na leo nawapa ninyi vipande vyote.

Hapo zamani, na wala si zamani sana maana mtandao ulikuwa umeshafika, palikuwa na pori, na porini palikuwa na Chatu. Mrefu huyo. Mnene huyo, kama gogo la kuchongea kinu. Na mvivu. Kuwinda kunataka mbio, na Chatu mbio hazimpendi. Siku moja akiwa amelala juu ya tawi la mkuyu akajiuliza, kwa nini nikifukuze chakula, wakati chakula kinaweza kuja chenyewe kwa miguu yake, kikasimama hapo chini, kikaniamkia?

Sasa chini ya lile tawi, kati ya mkuyu na kichaka, palikuwa na utando mkubwa wa buibui. Buibui mwenyewe alishahama, nasikia aligombana na mumewe, lakini hiyo ni ngano nyingine. Chatu akautazama ule utando. Akatabasamu. Akaita wanyama wote.

"Ssss. Nimefungua jukwaa. Jukwaa la uwekezaji. Liko mtandaoni."

Wanyama wakatazama juu. Mtandao waliuona. Jukwaa hawakuliona, maana jukwaa wanalolijua wao ni la mbao, unapanda unahutubia, ukimaliza unashuka.

Ngiri akauliza, "Mzee, jukwaa liko wapi?"

"Liko mtandaoni."

"Na mtandao uko wapi?"

"Uko kwenye jukwaa."

Ngiri akashukuru. Kuuliza mara ya tatu aliona aibu.

Chatu akaendelea. "Kazi yake ni nyepesi. Weka moja, lala. Amka, hesabu tatu. Weka mbili, lala. Amka, hesabu sita. Vzgezzznamssshrtkzzzngatwasss."

Hilo neno la mwisho wanyama walidhani anapumua. Kumbe wapi. Alikuwa anasema, vigezo na masharti kuzingatiwa. Ukilisema kwa kasi na ulimi wako umepasuka pande mbili, ndivyo linavyotoka. Na vigezo vyenyewe vilikuwa kimoja tu, ambacho hakuna aliyekiuliza: yai likishaingia, ni mali ya njia liliyoingilia.

Na njia yenyewe ni koo.

Basi wakaanza kuweka. Kwale akaweka. Njiwa akaweka. Kila alfajiri wanakuja chini ya mkuyu kutazama mtandao, na kweli wanakuta mtandao umejaa vitone vyeupe vinang'aa, tele tele, kuanzia juu mpaka chini.

"Kile kikubwa ni yai lako," Chatu anamwambia Njiwa. "Na vile vidogo ni faida."

Njiwa anahesabu, anacheka, anakwenda kuwaambia wenzake. Jua likipanda, vitone vyote vinakauka. Umande ule jamani, utakaaje mpaka mchana? Njiwa akirudi anakuta mtandao mtupu.

"Mzee, mbona hakuna kitu?"

"Soko limeshuka."

"Limeshuka wapi?"

"Chini."

Wote wanatazama chini. Wanapekua majani.

"Mbona hatulioni?"

"Limeshuka sana," anasema Chatu. "Kesho litapanda."

Na kesho alfajiri kweli limepanda, limejaa, linang'aa. Sasa hapo utamwambia nini Njiwa?

Katika pori hilo alikuwapo Kanga, jina lake Mama Madoa. Mwaka uliopita moto wa pori ulimpitia kiotani akabaki na majivu. Mwaka huu Mungu akamjalia mayai saba, na alishayalalia siku ishirini na nne. Kulalia mayai si kazi ya kusimuliwa. Makalio yanachemka, miguu inakufa ganzi, mtama unauona hatua nne kutoka hapo ulipo na huwezi kuufuata. Mama Madoa alikuwa amechoka. Na yalibaki kama siku nne tu.

Chatu akamjia kiotani mwenyewe, taratibu. Sijui niseme alimhurumia au vipi.

"Mama, jasho lote hilo la nini? Niwekee siku tatu. Mtandaoni kuna joto la kutosha. Weka sita, lala usingizi wako, amka uhesabu kumi na nane. Vzgezzznamssshrtkzzzngatwasss."

Mama Madoa si mjinga, msimdharau. Alishasikia habari za mambo haya. Akauliza, "Una leseni?"

"Ssss. Ninayo." Chatu akavuta gamba lake kuukuu, lile alilojivua kiangazi, akalitandaza mbele yake. "Hesabu mihuri mwenyewe."

Mama Madoa akahesabu. Muhuri mmoja, muhuri wa pili, mihuri thelathini. Akapotea, akaanza upya, akapotea tena. Mihuri yote hiyo. Ofisi gani imegonga, hakuona, lakini imegonga kwa bidii. Halafu akajitazama yeye mwenyewe, manyoya yake nayo yamejaa madoa kifuani hadi mkiani. Akasema moyoni, mwenye madoa mwenzangu atanidhulumu vipi?

Ndivyo alivyosema. Akampa mayai sita. La saba akabaki nalo, asije akaacha kiota kikapoa.

Siku ya kwanza akalala. Siku ya pili akalala. Siku ya tatu, kabla umande haujakauka, akaenda mkuyuni.

"Mzee Chatu, shikamoo. Nimekuja kuchukua yangu."

"Marahaba. Yamefungwa."

"Na nani?"

"Na muda."

"Lakini muda ulisema siku tatu."

"Hizo ni siku tatu za kuingia. Za kutoka hatujazungumza. Kutoka kuna ada. Ada ni yai moja."

"Basi toa katika yale sita."

"Hayo si yamefungwa? Ada hutoka nje." Chatu akamtazama kwa upole. "Najua umebaki na moja. Lilete. Ukilileta hilo, yote yanatoka siku hiyohiyo."

Mama Madoa akaondoka hajui kama amedhulumiwa au ametajirika. Alivyofika kwake alikuwa ameshaanza kulia. Yai lisipolaliwa linakuwa viza, hilo kila kanga analijua, na yale sita yake yalikuwa na siku tatu bila joto la tumbo lake. Kulilia kiotani kwake hakukumtosha. Akalifunika lile la saba kwa majani makavu, akaenda kulia kwa wifi yake, Sange.

Sange mnamjua? Mdogo, kama panya aliyesomeshwa. Miguu myembamba, pua ndefu inayotangulia mbele. Pua ile inaingia kila mahali isipoitwa. Wengine wanamwita mmbea. Mimi simwiti hivyo, mtu akipenda kujua mambo si lazima awe mmbea. Na kwamba yeye na Kanga ni mawifi kwa upande upi, hilo sikulielewa hata nilipoelezwa mara mbili, ila mawifi ndivyo walivyokuwa wakiitana.

"Wifi, ulisoma masharti?" Sange akauliza.

"Masharti yapi?"

"Aliyokwambia."

"Hakuniambia masharti. Alipumua tu."

Sange akakuna pua. "Twende ofisini."

Pori lile lina ofisi mbili. Ofisi ya Mambo ya Juu, mkuu wake ni Twiga. Ofisi ya Mambo ya Chini, mkuu wake ni Kakakuona. Wakaenda kwa Twiga. Wakapaza sauti, maana masikio yake yako mbali.

"Mheshimiwa, Chatu amechukua mayai yangu. Yako mtandaoni."

Twiga akatafuna. Nyam, nyam, nyam. "Huo mtandao umegusa ardhi?"

"Umegusa kichaka, na kichaka kiko ardhini."

"Basi ni wa chini. Mimi ya chini siyaoni. Nendeni kwa Kakakuona."

Wakaenda kwa Kakakuona.

"Mheshimiwa, Chatu amechukua mayai yangu. Yako mtandaoni."

"Huo mtandao umegusa tawi?"

"Umegusa."

"Basi ni wa juu. Mimi ya juu siyafikii. Nendeni kwa Twiga."

"Tumetoka kwa Twiga."

Kakakuona akasikia swali linakuja, akajikunja. Kru. Akawa mpira. Ndiyo kawaida yake, ukimwuliza kitu kigumu ofisi inafungwa.

Wakarudi kwa Twiga. Twiga akasema chini. Wakarudi kwa Kakakuona, ambaye alikuwa amejikunjua kidogo kupata hewa. Sange akamwahi kabla hajajikunja, akamwekea pua karibu na sikio.

"Mheshimiwa, sikuulizi juu wala chini. Nakuuliza sheria. Sheria inasemaje?"

"Ah, sheria," Kakakuona akasema, na sauti yake ikapata nguvu. "Hiyo ni nyepesi. Sheria inasema, kila mfanyabiashara anayekaa chini ya sheria ataulizwa na kuadhibiwa. Imeandikwa kwenye ubao. Ubao umetundikwa na Twiga pale mkuyuni."

"Pale anapokaa Chatu?"

"Palepale. Sasa fikiri mwenyewe. Ubao uko wapi? Chini ya lile tawi. Chatu anakaa wapi? Juu ya lile tawi. Kwa hiyo Chatu yuko wapi?"

Mama Madoa akajibu polepole, "Juu ya sheria."

"Umeona. Nitamkamata vipi mtu aliye juu ya sheria? Mimi na ninyi tuko chini yake. Wewe ukikosea leo, nakukamata leo."

Mama Madoa akamtazama wifi yake. Alikuwa amekuja kushitaki na sasa ilikuwa kama anatishwa, na hakuweza kuonyesha ni wapi mambo yalipogeukia.

Sange akauliza, "Ubao ukishushwa zaidi?"

"Atazidi kuwa juu."

"Ukipandishwa?"

Kakakuona akafikiri mpaka magamba yake yakalia. Kra, kra. "Kuushusha kumekatazwa. Kuupandisha hakujakatazwa. Lakini Twiga hatakuja, ana majani yake. Mimi sifiki. Wewe je, na miguu hiyo? Ni nani atakayeupandisha?"

"Asante," akasema Sange. "Kesho saa sita mchana tutakuwa na mkutano mkuyuni. Uje, kutakuwa na mchwa." Kwa Twiga akapitia akasema, "Uje, kutakuwa na majani machanga."

Mchwa wala majani machanga hakuwa nayo. Tuendelee.

Jioni ile akaenda na wifi yake kiotani. Lilikuwako yai moja, la saba, limekaa katikati kama mgeni aliyewahi shughuli. Sange akaliinamia, akaligusa kwa pua, akatulia. Tk. Tk tk. Akainuka.

"Wifi, kesho mpe ada."

"Ni la mwisho."

"Najua."

"Nikilikosa hili nimebaki na nyasi."

"Najua. Mpe, lakini umpe watu wakiwa wanaanza kuingia. Wasiwe wameshaingia, wala wasiwe bado mbali. Wakiwa wanaingia."

"Mbona sikuelewi?"

"Hata mimi sina hakika sana," Sange akasema. "Lilalie vizuri usiku huu."

Alfajiri Sange akatangulia mkuyuni peke yake. Akasimama chini ya tawi, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

Chatu hakuwahi kuitwa hivyo. Akapenda. "Marahaba. Unaweka nini?"

"Sina kitu, baba, mimi maskini. Nimepita tu kukusalimia. Maana watu wanasema." Akageuka kama anaondoka.

"Wanasema nini?"

"Aa, mimi si mtu wa maneno."

"Ssema."

"Basi niache."

"Ssssema."

"Haya, umenilazimisha. Mbuni kule uwandani ana mayai ishirini na moja. Yale ya kwake makubwa, kila moja kama kichwa cha mtoto."

Gudu. Koo la Chatu likapanda na kushuka lenyewe.

"Alikuwa aje leo kuyaweka yote. Sasa nasikia anasita. Anasema, kila duka la heshima, karatasi ya serikali hutundikwa ukutani juu ya kichwa cha mwenye duka. Mteja akiinua macho anaiona. Kwako anaona ubao wa serikali uko chini ya tumbo. Anasema umeukalia kama mkeka. Hayo ni maneno ya Mbuni, si yangu."

Chatu akatazama chini. Kweli ubao uko chini ya tumbo lake. Miaka yote hajawahi kuutazama, maana aliyekaa juu ya kitu atakisoma saa ngapi?

"Na ukipanda juu ya kichwa changu?"

"Hapo utafanana na benki."

"Na Mbuni ataweka?"

"Baba, mimi sijui mambo ya watu. Saa sita kuna mkutano, ukiutundika mbele ya kadamnasi, habari itamfikia kabla ya saa saba. Mdomo wangu si unaujua."

Ukafika mchana. Mama Madoa akaja na yai lake limefunikwa kwa bawa, lina joto bado. Nyuma yake vumbi la wanyama linaonekana linakuja. Akalitazama lile yai. Halafu akaliweka kwenye mkia wa Chatu uliokuwa umening'inia, na bawa lake likabaki limenyooka hivyo hata baada ya yai kuondoka.

"Ada yako hiyo, Mzee. Nipe yangu."

"Umefanya vizuri sana," akasema Chatu. Mkia ukapanda, yai likaingia mdomoni. Akafunga mdomo ili ameze.

Na palepale shingo ya Twiga ikatokeza katikati ya majani, jicho kubwa lenye kope ndefu likasimama mbele ya pua ya Chatu, likimtazama bila kupepesa. "Nimeambiwa kuna majani machanga," akasema Twiga.

Mtu atameza vipi ametazamwa namna ile? Yai likimezwa shingo inavimba, kila mtu ataona. Chatu akaliacha yai shavuni. Akatikisa kichwa kumkaribisha mgeni.

Wanyama wakajaa. Ngiri, Kwale, Njiwa, nyumbu watatu ambao hawakuweka kitu ila wanapenda mikutano. Kakakuona akafika mwisho akiuliza mchwa. Sange akapanda kwenye kichuguu.

"Ndugu wanachama. Mkurugenzi wetu leo anatundika sheria juu ya ofisi yake. Pigeni makofi."

Pa pa pa. Vigelegele. Chatu akavimba kichwa. Akazungusha mkia kwenye ubao, akaung'oa, akaanza kuupandisha. Tawi la juu lina kijiti kilichovunjika, pa kutundikia ni hapo. Akanyoosha mkia. Hajafika. Akajikunjua mzunguko mmoja. Hajafika. Akajikunjua mzunguko wa pili, wa tatu, wa nne, nyoooo, mwili mzima ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, kichwa kikabaki chini kwenye tawi, mkia juu umeshika ubao. Ubao ukakigusa kile kijiti lakini kijiti kikawa kifupi, ukiuachia unaanguka. Ikabidi aushikilie hivyohivyo.

Sange akageuka. "Mheshimiwa Kakakuona, samahani, mimi sikusoma. Sheria iko wapi?"

Kakakuona akainua pua. "Juu."

"Na kichwa cha Chatu kiko wapi?"

"Chini."

"Chini ya nini?"

Kakakuona akatazama ubao, akamtazama Chatu, akatazama ubao. Akasimama kwa miguu miwili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya ofisini.

"Chini ya sheria," akasema.

"Na mimi namwona," akasema Twiga, "kwa sababu yuko juu."

Hata wao wenyewe walishangaa. Mtu mmoja, yuko juu kwa huyu na yuko chini kwa yule, na wote wawili kazi imewafikia siku moja.

Twiga akakohoa. "Chatu. Mayai ya Mama Madoa yako wapi?"

"Mmm," akasema Chatu.

"Paza sauti."

"Mmm-mmm."

"Hatukusikii."

"Pii."

Twiga akasogeza sikio. "Umesemaje?"

"Pii. Pii."

"Amesema pii," Kakakuona akawaambia waliokaa nyuma. "Ni neno la kisheria?"

"Sijawahi kulisikia," akasema Twiga.

Lakini Mama Madoa alishalisikia. Akasogea mbele. Akaita kwa sauti ndogo, ile wanayoitumia kanga kiotani tu. "Chek-kwe. Chek-kwe."

Na ndani ya mdomo wa Chatu, kwa haraka, kwa hasira ya aliyezaliwa gizani, ikajibiwa. "Pii pii pii pii."

Mdomo ukasukumwa kutoka ndani. Ukafunguka kidogo. Kikatoka kichwa kilicholowa, kimevaa kipande cha ganda kama kofia. Kikatazama kushoto. Kikatazama kulia. Kikakanyaga ulimi wa Chatu, kikaruka, pu, moja kwa moja chini ya bawa la mama yake, na lile bawa ambalo lilikuwa limenyooka tangu saa sita likajikunja.

Hapo Chatu mdomo wake ukawa wazi, na aliyekuwa na mdomo wazi ataacha kujitetea?

"Ssss. Mmejionea wenyewe. Ameweka yai, ametoa kifaranga. Kifaranga ni zaidi ya yai. Hiyo ndiyo faida niliyoahidi."

Wanyama wakatazamana. Ngiri akaanza kupiga makofi. Nyumbu mmoja akasema, kumbe jukwaa lenyewe ni la kweli, mimi nilikuwa na mashaka. Njiwa akauliza kama na yeye ataruhusiwa kuongeza mtaji. Twiga akamtazama Kakakuona, Kakakuona akaanza kujikunja, kru, kidogo kidogo kuanzia mkiani.

Mama Madoa akasema, bila kupaza sauti, "Hilo lilikuwa la ada. Nimeulizia yale sita."

Basi macho yote yakamrudia Chatu. Kwanza mdomoni, mdomo mtupu. Yakapanda shingoni. Na kwa kuwa alikuwa amenyooka hivyo, hana mkunjo wa kujifichia, yakaona kinundu. Mviringo, saizi ya yai la kanga, kimesukuma ngozi na mihuri yake yote.

"Moja," akasema Ngiri, na makofi yakamwishia mkononi.

Macho yakapanda. "Mbili," akasema Kwale.

"Tatu," akasema Njiwa, akageuza uso, maana alijua baada ya vile sita kuna kinundu kidogo zaidi kitakachofuata ambacho hakitakuwa cha kanga.

Chatu akataka kujikunja. Akishusha mkia, ubao unamwangukia utosini. Akiushikilia, anahesabiwa. Akawa anatetemeka pale katikati, sheria imemwelemea mkia, na watu wanahesabu kwa sauti moja, hata nyumbu ambao hawakuweka kitu. Nne. Tano. Sita. Kakakuona akajikunjua, Twiga akaacha kutafuna, na Mama Madoa akawa amesimama chini kabisa ya kile cha sita, ametandaza bawa juu ya macho ya mwanawe.

Hapohapo ndipo sheria ilipomkuta, na hapohapo ndipo mimi ninapomwacha.

"Imeiva?"

"Imeiva."

"Nimepakua?"

"Umepakua."

"Aliyeshiba?"

"Ajifute."

"Mwenye njaa?"

"Alambe mwiko."

Na funzo lake, maana nikiwapa ngano bila funzo wazazi wenu watasema nimewapotezea muda, ni hili: ukiwa na chakula mdomoni usipokee wageni. Meza kwanza. Chatu angekuwa na adabu ya mezani, mpaka leo angekuwa mkurugenzi.